Kitabu cha Matukio

Lenzi hii ni ya kuazima.
Jumamosi hula harusi na kwanjula za Jinja,
magomesi, keki za ghorofa tano,
shangazi asiyetaka kupigwa upande wa kushoto.
Leo ni Jumanne. Nimelala kifudifudi
juu ya jiwe, upande wa Kayunga,
umande umenipenya hadi kitovuni,
namngoja bibi mmoja asiyejua kutabasamu.

Chini ya ukuta wa Isimba
maji hutoka mitamboni yamevurugwa akili,
na samaki hutoka nayo wana kizunguzungu,
ngege, sangara wachanga,
wanageuka tumbo juu
kama walevi wanaoutafuta mlango.
Furukombe wanalijua hilo.
Hawakusomea uhandisi, ila wanaijua saa
mtambo unapobadili sauti.

Wapo wawili, juu ya mti uliofia wima bwawani,
mti uliokuwa na kivuli, na wenye shamba,
kabla mto haujapandishwa ukawafuata nyumbani.
Vifua vyeupe, mabega meusi.
Kama mawakili, nawaza,
kisha najicheka: wakili gani huamka saa hizi?

Jike akarudisha kichwa hadi mgongoni
akalia,
na ng'ambo ya Busoga mbwa wakanyamaza.
Kisha akaliachia tawi.
Hakuruka. Aliliachia tu,
kama mtu aachiavyo deni.

Sikupumua. Kidole kilipumua kwa niaba yangu,
cha, cha, cha, cha,
na makucha yakayachana maji
kama fundi achanavyo kitenge, mara moja, bila chaki.

Nikatazama kioo. Nimempata!
Tone moja limesimama chini ya ukucha,
jicho la ngege linaiona mbingu
kwa mara yake ya kwanza.
Na nyuma yao, wazi, bila haya,
ukuta mzima: milango, namba, nyaya.

"Madamu."
Buti mbili kando ya kiwiko changu.
Kiswahili cha kambini, kilichopigwa pasi.
"Unapiga picha bwawa."
"Napiga picha ndege."
"Ndege yuko wapi?"
"Bwawani."
"Haya. Futa."

Nilifuta. Alisimama akihesabu,
Ochwo, jina limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu.
Ilipobaki ile moja
akaichukua kamera mwenyewe,
akaikuza kwa kidole gumba, akaikuza tena,
akakaa nayo kuliko sheria inavyotaka.
"Huyu ndiye wa ukucha uliovunjika," akasema.
"Nilidhani amekufa wakati wa mvua."
Kisha akafuta.

Nilitaka kumtukana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.
Lakini alikuwa akitoa kitu ndani ya koti,
kitabu cha matukio, gamba jeusi, kona zimeliwa,
akanifungulia kama mtu anayeonyesha jipu:

*0610. Hali shwari.*
*0622. Jike, ngege mmoja.*
*0640. Dume, kakosa.*
*0641. Kakosa tena.*
*0655. Lori la saruji, limekaguliwa.*

Kurasa na kurasa. Miaka minne ya zamu,
na chini ya kila ukurasa sahihi ya mkubwa,
mkia mrefu wa wino.
"Hasomi," akasema Ochwo. "Anasaini tu."

Akailamba ncha ya kalamu, akaniuliza jina.
Naigaga, nikamwambia, wa Buwenge.
Akaandika taratibu, ulimi umetokeza:
*0718. Jike. Samaki mkubwa.*
*Raia mmoja, mwanamke, ameshuhudia.*

Nikarudi kwa boda, kadi tupu,
matope yamekauka magotini,
Jumamosi kuna bibi harusi wa Mafubira
na lenzi lazima ifutwe vumbi.
Picha haipo. Usiniulize.
Ila kule bwawani jina langu limelala kitabuni,
limekosewa herufi moja,
kati ya ndege na lori la mchanga.